Simu Chini ya Shali ya Dalali

Kwako Eeddo Weris, shangazi wetu wa safu ya ushauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hapa nyumbani kila mtu amenikasirikia kabla ya kunisikiliza, na sina tena wa kumwambia ila wewe usiyenijua. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Garissa mjini, mume wangu Rage ni dereva wa lori njia ya Wajir, na nina ukurasa TikTok na Facebook ambao nauzia mbuzi wa Idd, wa akika na wa harusi. Watu wa Nairobi na Mombasa, hata ndugu walio ng'ambo wanaotaka kuchinjiwa huku kwetu, wananiandikia, nawachagulia mbuzi sokoni, nampiga video, wakimpenda nampakia lori ya jioni. Majina nimebadilisha yote, lakini mambo ni ya kweli.

Wewe ni wa hapa, lakini niseme kwa ajili ya wasomaji wako wa mbali. Sokoni kwetu bei ya mnyama haitamkwi kwa mdomo, muuzaji na dalali wanashikana mkono, shali inatupwa juu ya mikono, na vidole ndivyo vinavyosema chini yake, huyu anabana, yule anakataa, watu wamewazunguka na hakuna anayejua wamefika wapi. Sasa mimi ni mwanamke, siwezi kutia mkono wangu ndani ya mkono wa mwanamume asiye maharimu wangu, kwa hiyo anayenitolea mkono ni shemeji yangu Deeq, mdogo wake Rage, ambaye ni dalali, na shali ikishaondolewa anakuja pale niliposimama ananiambia, bei ni hii. Bei ni hii! Kwa ushahidi gani? Mimi nasimama jua kali na simu yangu kama shahidi aliyefungwa macho, nalipa, nashukuru, narudi nyumbani.

Eeddo, wasiwasi ndio akili. Nilianza kumwangalia Deeq vizuri. Nikaona shali ikitupwa yeye huwa ananigeuzia mgongo, nikaona anacheka na wauzaji kwa sauti ya chini na nikikaribia anaanza kuzungumzia mvua, kisha akanunua pikipiki mpya. Nikamuuliza Rage ndugu yako pesa ya pikipiki ameitoa wapi, Rage akasema ndugu yangu ana akili ya biashara. Moyoni nikajiuliza, ni akili yake ama ni mbuzi wangu?

Na wakati huo huo ukurasa wangu ulikuwa umedumaa, hauendi mbele hauendi nyuma, naweka video nzuri ya mbuzi mweupe kama maziwa wanaoangalia ni wale wale, nusu yao binamu zangu. Wateja nao wana shuku kuliko mimi, kila siku kwenye komenti ni bei halisi ya sokoni ni ngapi, dada unatula, mbona hamtaji bei hadharani mnaficha nini. Nikaona bora niwaonyeshe watu jinsi soko letu linavyofanya kazi, kitu ambacho hakuna mwingine anakionyesha, ukurasa utakua.

Basi siku hiyo nikafungua laivu. Deeq mwenyewe alifurahi, anapenda kamera, akasimama mbele akasema kwa Kiswahili chake, "Assalaamu aleikum wateja, angalieni fisuri, mbuzi ni hii hapa, mbuzi ya Bura, imekula majani ya Mungu haijakula dawa. Kama ni mbaya, wallahi mimi nitaibeba na mgongo yangu mbaka nyumbani kwako." Watu wakacheka, mioyo ikawa inapanda kwenye kioo. Mwenye mbuzi alikuwa mzee mmoja wa upande wa Bura, nimwite Mzee Gelle, alikuja na mbuzi huyo mmoja tu. Wakashikana mkono na Deeq, shali ikatupwa, na simu yangu ilikuwa imeegemea gunia la majani chini, kwa ajili ya kuonyesha miguu ya mbuzi, ikawa inatazama juu, na kumbe chini ya shali kote kunaonekana.

Vidole vyote vilionekana, Eeddo. Mkono wa Deeq ukibana, mkono wa mzee ukitoka, unabaki hewani kidogo, unarudi. Unatoka tena, unarudi tena taratibu. Sikuigeuza simu. Nililipanga lile gunia tangu asubuhi, nilikuwa nimelijaribu nyumbani na mtoto kama pembe hiyo inafaa, na sikujali, nilitaka kujua na nilikuwa na haki ya kujua. Halafu, mikono bado imeshikana, mbuzi akapiga gunia teke, simu ikaanguka kifudifudi na laivu ikakatika.

Nilipoiokota nilikuta watu wamejaa kama siku ya msaada. Video ikasambaa mpaka usiku, mpaka kesho yake, wafuasi wakaongezeka mara tatu, ukurasa niliouhangaikia muda wote huo ukafufuka kwa siku moja. Na kwenye komenti akatokea mtu anajiita Hakimu wa Soko, hana picha, akatafsiri vidole kimoja kimoja, akaandika: "Dalali amembana mzee chini, mama ataambiwa juu." Bei aliyoiandika ilikuwa chini ya ile Deeq aliyoniambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo ilikuwa ndani ya ukoo wa mume wangu.

Sikungoja Rage arudi. Mchana Deeq alipokuja kula kwa mama yake niliitupa simu kwenye mkeka mbele ya sinia, nikamwambia haya, soma. Alisoma mpaka mwisho. Nilitegemea akane, apige kelele, aape. Akasema polepole tu, "Dumaashi," ndivyo tunavyomwita mke wa kaka, "umefunua shali ya mzee wa watu mbele ya dunia, halafu unaniuliza mimi habari ya bei?" Nikamwambia usinizungushe. Akasema, "Yule mzee alikuja na shida yake. Si yangu kuisema, wala si yako kuijua." Akanawa mikono na chakula hakijaisha. Si ni mwizi huyo? Mtu asiye na hatia si angejitetea?

Siku ya soko iliyofuata nilisimama mahali pangu, Deeq akanyoosha mkono kwa muuzaji wa kwanza, yule akaingiza mkono wake ndani ya shali yake akatazama pembeni. Wa pili vivyo hivyo. Soko zima hakuna aliyempa mkono. Mimi nilipopita na simu, wazee waliwafunika mbuzi wao kwa vitambaa kama nimekuja na macho mabaya. Jioni Mzee Dagane, mkubwa wa madalali, akaja mpaka mlangoni kwetu, hakutaka kuingia wala chai, akasema nifute video na niende kwa Mzee Gelle. Nikasikia kwake kwamba watu sasa wanamwita mzee Farey, yaani Mwenye Vidole, watoto kisimani wakimwona wanabana vidole vyao hewani, na kijana wake aliye Nairobi ameona baba yake anachekwa na watu asiowajua. Naapa hilo sikulikusudia na limeniuma. Lakini jina la utani si hupita?

Sasa nimekwama. Rage alipiga simu kutoka Wajir akasema neno moja, futa, akakata, na mimi najiuliza kwa nini ana haraka hivyo ya kumlinda ndugu yake, au na yeye alikuwa anakula kwenye sinia hiyo hiyo. Mama mkwe nikiingia na simu anajifunika uso. Nikifuta ile video ukurasa utarudi kulala, kwa sababu kila anayekuja anakuja kwa ajili yake, wananiandikia dada tuwekee nyingine ya vidole, na Idd inakaribia, maombi ya mbuzi nimeshayapokea na sokoni hakuna anayeniuzia hata kwato. Yule Hakimu wa Soko ameniandikia inboksi, kumbe jina lake Sugow, anasema yuko Bute, ana mbuzi wengi na ataniletea bila dalali na bila shali, na anajua namna ya kukuza ukurasa ufike mbali zaidi, ila nimpe namba ya siri aingie awe anawajibu wateja kwa niaba yangu. Anaongea vizuri na ndiye mtu pekee anayeniambia nina haki.

Niambie Eeddo, nifute ama nisifute? Nimkubali huyu Sugow? Na nitajuaje kama Deeq ni mwizi?

Mimi, Mwenye Ukurasa, Garissa

EEDDO WERIS ANAJIBU

Mwenye Ukurasa, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekukasirikia baada ya kukusikiliza, kwa hiyo hapo huna lawama nami.

Nianze na haki yako, kwa sababu unayo. Mwanamke anayelipa kwa pesa yake, akaambiwa bei ni hii na mwanamume aliyempa mgongo, ana kila sababu ya kushuku. Mila ya shali imewalinda wengi lakini wewe ilikuacha nje, na hakuna nyumbani kwenu aliyeona kwamba hilo ni tatizo. Nakuhurumia kwa hilo, na Rage naye asome hapa: akili ya biashara si jibu la kumpa mkeo aliyekuuliza swali la heshima.

Sasa tuje kwenye simu. Umeandika "ilikuwa imeegemea gunia", na "kumbe" kunaonekana. Mistari michache mbele unasema gunia ulilipanga asubuhi na pembe uliijaribu nyumbani na mtoto. Binti yangu, ukitaka kunidanganya usiniandikie uongo na ukweli kwenye karatasi moja. Ulitega mtego, na mtego ukanasa asiyekusudiwa. Ulikuwa unamwinda Deeq, ukampata mzee wa watu aliyekuja sokoni na mbuzi mmoja.

Na ushahidi wako uko wapi? Nilimwendea dalali mmoja mzee, sikumtajia jina lako. Nilipomtolea simu alikataa kuitazama, akageuza uso kama nimemtolea kitu kichafu. Lakini alinieleza hili: kidole kile kile kinaweza kuwa mia, kinaweza kuwa elfu, inategemea wawili hao wamenong'onezana nini kabla shali haijatupwa. Anayetazama kutoka nje, hata akiviona vidole vyote, hana alichosoma. Juu ya hayo, mbuzi alipiga gunia teke na simu ikaanguka kabla mikono haijaachana. Bei ya mwisho hukuiona wewe, hawakuiona wafuasi wako, wala hakuiona huyo Hakimu. Umemhukumu shemeji yako mbele ya sinia ya mama yake kwa tafsiri ya mtu asiye na uso. Huenda Deeq anakula juu yako, mimi simjui. Huenda ana pikipiki kwa sababu ana wateja wengine ambao wewe huwaoni. Unachokijua ni kwamba hujui.

Unaniuliza, mtu asiye na hatia si angejitetea? Wapo wasiojitetea kwa sababu kujitetea kwao kungemvua nguo mtu mwingine. Angetaja bei aliyopatana na Mzee Gelle, nyumba nzima ingejua mzee aliuza kwa ngapi, na kesho mji mzima ungejua kwa nini. Umeuona ule mkono ukitoka, ukabaki hewani, ukarudi. Umeueleza vizuri sana, ina maana umeutazama zaidi ya mara moja. Mtu haurudishi mkono wake hivyo kwa sababu anapenda. Anayeuza mbuzi wake mmoja ana jambo nyumbani, ana mgonjwa, ana msiba, ana aibu, na shali ile ndiyo inayomwezesha kurudi kwa wenzake kichwa juu, hakuna ajuaye alikubali nini. Wewe umeiona shali kama pazia la wezi. Kwake yeye ilikuwa nguo.

Tena unaniambia jina la utani hupita. Uko Garissa ama umehamia ng'ambo? Hapa kwetu mtu hupewa jina akiwa kijana, akafa nalo, na wajukuu wakalirithi wakiwa shule wala hawajui lilitoka wapi. Kuna familia nazijua zinaitwa kwa jambo ambalo babu wa babu yao alilifanya mara moja. Ukiuacha huu u-Farey ukomae, wajukuu wa Gelle watabaniwa vidole na watoto ambao leo hawajazaliwa.

Kuhusu Sugow, hapo sina huruma hata kidogo, nina hasira tu. Mtu aliyetokea bila picha, akawa wa kwanza kukugombanisha na dalali wako, sasa ndiye anayejitolea kukuletea mbuzi bila dalali, na anataka namba ya siri ya ukurasa wako! Wewe unayemshuku Deeq kwa kugeuza mgongo, unayemshuku mumeo kwa neno moja la simu, huyu mmoja hukumshuku kwa sababu alikuambia una haki. Ulimwona lini huyo mtu? Umemwona mbuzi wake hata mmoja? Akishaingia ndani atabadilisha namba ya siri, na wateja wako wa Idd wataanza kumtumia yeye pesa kwa jina lako. Mzuie leo. Usimuage, usimweleze sababu.

Wafuasi wako wapya nao tuwaangalie. Umeniambia wanachoomba: wekea nyingine ya vidole. Hujaniambia hata mmoja wao aliyenunua mbuzi. Umewakusanya watu kwa fitina, na watu wa fitina hawaji kununua, wanakuja kuona nani atavuliwa shali baada ya Gelle. Usipowapa watageuka wakutazame wewe. Wale wachache wa zamani, pamoja na binamu zako unaowadharau, ndio waliokuwa wakikutumia maombi. Usiwatukane wakunga na uzazi ungali upo.

Basi fanya hivi. Video ifute leo, kwenye kurasa zote mbili, na andika mstari mmoja tu kwamba uliiweka kwa makosa na unaomba kila aliyeisambaza aifute. Usieleze zaidi, ukieleza utaanza kujitetea na moto utawaka upya. Mwombe Rage arudi, na kama hawezi mwombe Mzee Dagane, mwende kwa Gelle pamoja na wazee wa pande zote mbili. Peleka haal, ile fidia ya kumvunjia mtu heshima, kiasi gani wazee watasema, wewe usipatane. Mwambie mzee kwa mdomo wako kwamba ulifanya kusudi. Neno "kumbe" liache nyumbani. Na simu pia iache nyumbani! Nakujua, utatamani kumpiga video akikusamehe ili watu waone una moyo mzuri. Ukifanya hivyo nitakuja huko mwenyewe.

Deeq mwombe radhi mbele ya mama yake, kwa sababu ulimdhalilisha mbele ya mama yake. Baada ya hapo, na si kabla, keti naye Rage akiwepo mzungumze kazi. Umwambie kila mbuzi utamlipa ujira wake wa udalali uliokubaliwa waziwazi, na kabla hajatoa mkono umwambie mwisho wako ni upi. Akivuka hapo humchukui mbuzi. Akikubali, shuku yako haina tena kazi ya kufanya. Akikataa kutaja ujira wake mbele ya kaka yake, hapo utakuwa umejua ulichotaka kujua, bila gunia wala simu.

Na kitu kingine ambacho nashangaa hukukiona miaka yote hiyo unasimama juani. Upande wa mbuzi pale sokoni wako akina mama wanaouza wenyewe, wanawake wenye mifugo yao, wanaotoka Bura na kwingineko. Mkono wa mwanamke mwenzio hauna uharamu wowote kwako. Jifunze vidole, mwombe Deeq akufundishe mkishapatana, ununue shali yako, na utie mkono wako mwenyewe. Hutahitaji kuambiwa bei ni hii na mtu yeyote.

Ukurasa wako utakua kama mbuzi anavyokua, kwa kulishwa kila siku. Onyesha meno, mteja wa Idd anataka kuhakikisha umri umefika. Onyesha mbuzi akitembea, kiwete hachinjwi. Taja bei yako wewe, ya mpaka mlangoni kwa mteja, hiyo ni yako na una ruhusa ya kuitaja hadharani. Jibu inboksi kabla hujalala. Deeq mwache aendelee kuwachekesha watu, ile ya kubeba mbuzi kwa mgongo ilinichekesha hata mimi. Kwa Idd hii huenda ukarudisha maombi mengi, uwaambie wateja ukweli kwamba hutapata mbuzi wa kuwatosha, wawahi kwingine. Itauma, na wengine hawatarudi.

Umeuliza nifute ama nisifute. Ulipoandika barua hii Dagane alikuwa ameshakujibu, mumeo alikuwa ameshakujibu kwa neno moja, na mama mkwe alikujibu kwa kujifunika uso. Kama umefika mstari huu na ile video bado ipo, basi hukuniandikia kutafuta ushauri. Ulitafuta mtu wa mwisho wa kukuambia iache, na mimi sitakuwa huyo.